RG-59 kwenye dishi la setilaiti: waya wa zamani ulio ukutani unafaa kiasi gani?

Waya wa antena uliopitishwa ukutani enzi za televisheni ya analogia, mara nyingi wa aina ya RG-59, humvutia sana anayefunga dishi. Upo tayari, unatokea pale pale nyuma ya televisheni, na ukiuunganisha picha inakuja. Baadaye chaneli kadhaa zinagoma huku nyingine zikiwa safi kabisa, na lawama zinaangukia LNB (kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi ya setilaiti) au king'amuzi. Mara nyingi mkosaji ni waya.

Soma kwanza maandishi kwenye ganda. RG-59 ya zamani ina unene wa takriban milimita 6, waya wa kati ni mwembamba (milimita 0.6 hadi 0.8), umezungukwa na plastiki ngumu, na mara nyingi juu yake kuna wavu mmoja bila foili. RG-6, waya wa kawaida wa dishi, inakaribia milimita 7, waya wake wa kati ni milimita 1, ina povu jeupe, foili ya alumini, kisha wavu. Zote mbili ni omu 75 (impedansi, yaani kipimo cha waya kulingana na vifaa, si ukinzani wake kwa umeme), ndiyo maana watu huzichanganya. Ukikuta RG-58, hiyo ni omu 50, ni waya wa redio, usiufikishe dishini hata kwa dharura.

Waya wa antena ulitengenezwa kwa mawimbi yasiyozidi kama MHz 860. LNB hupunguza masafa ya mawimbi ya setilaiti na kuyatuma kwenye waya yakiwa kati ya MHz 950 na 2150, na hapo upotevu ni mkubwa zaidi. RG-6 nzuri hupoteza takriban desibeli 20 (kipimo cha kupungua au kukua kwa mawimbi) kwa mita 100 kwenye MHz 1000, na kama 32 kwenye 2150. RG-59 ya plastiki ngumu hukaribia 40 kwenye MHz 1000 tu, na juu ya hapo inazidi kuporomoka.

Hata hivyo, tuwe waadilifu kwa waya huu. LNB ina nguvu ya kukuza ya desibeli 50 hadi 60, kwa hiyo kwenye mita 10 au 12 upotevu huo hauharibu kitu. Mstari wa nguvu ya mawimbi kwenye king'amuzi utashuka, lakini ubora utabaki karibu pale pale, na ubora ndio unaoleta picha. Anayekuambia RG-59 haiwezi kabisa anatia chumvi. Shida zake za kweli ni volti, mawimbi ya kuingilia, na maji.

Waya huo huo hupandisha umeme kwenda kwenye LNB: volti 13 kwa chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa zile za mlalo, pamoja na mlio wa kHz 22 unaoiamuru LNB ihamie bendi ya juu, yaani nusu ya juu ya masafa ya setilaiti. Gusisha sumaku kwenye waya wa kati. Ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba, na RG-59 ya namna hiyo ina ukinzani wa takriban omu 16 kwa kila mita 100 kwenye waya wa kati peke yake. Kwa mita 40, ukijumlisha wavu, unafika omu 7 hivi. LNB moja inayovuta miliampea 150 itapoteza volti 1 tu, na hiyo inavumilika. Ukiongeza mota ya kuzungusha dishi, mkondo unafika miliampea 400 na volti karibu 3 zinapotea njiani. Volti 18 zinafika zikiwa 15, mahali ambapo LNB haina tena hakika kama imeambiwa wima au mlalo. Kiungo kimoja chenye kutu kinatosha kuiangusha.

Mawimbi ya kuingilia hayazungumzwi vya kutosha. Wavu usio na foili una matundu, na simu za mezani zisizo na waya za DECT hufanya kazi kwenye MHz 1880 hadi 1900, ndani kabisa ya masafa ya LNB. Chaneli zinazoumia ni zile zilizo karibu na GHz 11.64 kwenye bendi ya chini na GHz 12.49 kwenye bendi ya juu, kwa hesabu ya masafa ya angani kabla LNB haijayashusha. Picha inavunjika vipande simu inapotumika, kisha inatulia yenyewe. Hakuna kurekebisha dishi kutakakoponya hilo.

Kwa hiyo angalia ni chaneli zipi zimekosekana kabla ya kununua chochote. Za mlalo zote zikitoweka, volti 18 hazifiki. Bendi nzima ya juu ikitoweka, mlio wa kHz 22 unapotea. Chaneli chache tu za masafa ya karibu zikisumbua, shuku kuingiliwa. Zinazoumia zikiwa zile za mwisho wa juu wa bendi pekee, waya ni mrefu mno au umechoka.

Fungua pia vikasha vya ukutani. Vigawanyaji vya antena vilivyoandikwa 5–900 MHz havikutengenezwa kwa masafa ya LNB, na vingi havipitishi umeme kabisa. Soketi nyingi za zamani nazo zina kapasita inayozuia volti. Vitoe vyote. Waya uende mzima kutoka dishini hadi kwenye king'amuzi. Kata na sentimita chache za ncha ya nje: wavu ukiwa mweusi au una unyevu, maji yameshaingia na yanateremka ndani ya ganda, na waya huo hauna dawa.

Uamuzi wetu: RG-59 iliyo kavu, yenye foili, isiyozidi mita 15, LNB moja, bila mota, iache ifanye kazi. Nje ya hapo weka RG-6, yenye kiini (waya wa kati) cha shaba tupu ikiwa kuna mota au umbali unazidi mita 30. Ukizidi mita 50, fikiria RG-11, iliyo nene zaidi. Konekta za F, zile za kufunga kwa kuzungusha kwenye ncha za waya, ziwe za kubana kwa koleo lake na za saizi ya waya wenyewe, kwa sababu konekta ya RG-6 hucheza kwenye RG-59 na kuruhusu maji. Menya ganda, kunja wavu nyuma, acha povu lilingane na sakafu ya konekta na kiini kitokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo wake. Unywele mmoja wa wavu ukigusa kiini ni shoti.

Kama waya wa zamani unateleza ndani ya bomba, usiung'oe ovyo. Funga RG-6 kwenye ncha yake kwa utepe, viungo vikiwa vimepishana ili visitengeneze fundo, kisha mmoja avute na mwingine asukume taratibu. Ukikwama, rudisha nyuma kidogo. Ukilazimisha, foili inachanika na povu linabonyea pale kwenye kona.