Vifaa vya kusomea funguzi za sataranji: wapi uweke muda, wapi uweke pesa

Mchezaji mwenye reitingi (namba ya kupima uwezo) ya 1200 hadi 1800 hakosi cha kusomea funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo. Kozi zipo, vitabu vipo, video ndiyo usiseme. Anachokosa ni mizani, maana wauzaji wengi hujisifia wingi: mistari (mifuatano ya hatua) elfu moja, saa ishirini za video, kurasa mia tano. Wingi huo ndio unaomzamisha. Piga hesabu: mpinzani akiwa na majibu matatu ya maana kila zamu, nawe ukamjibu kwa hatua moja tu kila mara, baada ya zamu tano una mistari 243 ya kukariri. Ukiandaa majibu mawili tu kwa kila zamu, inabaki 32. Ya 243 ni kozi ya dukani. Ya 32 ni daftari unaloweza kuliandika mwenyewe.

Kwa hiyo vifaa vyote hapa tumevipima kwa swali moja. Mpinzani akiiacha njia uliyoisoma kwenye hatua ya tano au ya sita, kifaa kimekuachia nini kichwani?

Tuanze na cha bure, kwa sababu ndicho kinachoshinda. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inaendeshwa kwa michango. Haina tangazo wala chumba kilichofungwa kwa kufuli la malipo. Kwa kazi ya funguzi ina vitu viwili vya thamani: ghala la michezo lililo ndani ya ubao wa uchambuzi (bonyeza alama ya kitabu), na Study, yaani daftari la kuandikia mistari yako.

Ghala lina milango mitatu: Masters, Lichess na Player. Wengi huingia wa kwanza na kuishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Masters ni michezo ya ubaoni ya watu wenye reitingi ya FIDE (shirikisho la sataranji la dunia) ya 2200 kwenda juu, na watu hao hawachezi kama mpinzani wako wa Jumamosi. Chukua ufunguzi wa Italia (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme; nukta tatu ni hatua ya Mweusi): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5. Mabingwa karibu wote huendelea na 5...Na5, na vitabu hujaza kurasa kwa yanayofuata: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 na kadhalika. Kwenye michezo ya kawaida, 5...Nxd5 huja mara kwa mara, na ukiwa Mweupe unatakiwa ujue 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+, kisha kwa nini mfalme mweusi hulazimika kupanda hadi e6 kumlinda farasi wake wa d5 (asipopanda, farasi huyo analiwa na Mweupe anarudisha kete aliyoitoa f7). Aliyesoma Masters peke yake amekariri jibu la swali ambalo haulizwi.

Ingia basi mlango wa Lichess, fungua mipangilio, ondoa bullet na blitz (michezo ya muda mfupi sana), bakiza rapid na classical (ya muda mrefu zaidi), halafu chagua vikapu vya reitingi vinavyokuzunguka. Kama uko 1500, chagua 1400 na 1600. Usichanganye na reitingi ya FIDE, kwani ya Lichess kwa wachezaji wengi wa ngazi hii husoma juu zaidi. Kila hatua inaonyesha idadi ya michezo na mgawanyo wa ushindi, sare na kushindwa. Anza na idadi. Hatua iliyochezwa chini ya mara moja katika michezo 20 haihitaji mstari wake. Ikija siku moja, utaitafutia jibu ubaoni kwa kanuni za kawaida. Asilimia ije baadaye, tena kwa tahadhari: hatua yenye ushindi wa asilimia 62 kwenye michezo 45 haijakuambia kitu, na hatua ya mtego hupata asilimia nzuri kwa sababu ya wale wasiojua mtego, siyo kwa ubora wake.

Mlango wa tatu, Player, ndio unaosahaulika na ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Andika jina lako la akaunti, chagua rangi, subiri kidogo lipakue michezo yako. Ukishuka hatua kwa hatua utaona mahali unapofika mara nyingi na kupoteza mara nyingi. Hapo ndipo sura ya kwanza ya daftari lako inapoanzia. Hakuna kozi ya kulipia inayojua kwamba wewe binafsi unaumia kwenye 3.e5 ya Caro-Kann (ufunguzi wa Mweusi wa 1.e4 c6) na wala siyo kwenye 3.Nc3.

Sasa Study. Daftari moja hubeba hadi sura 64, na kwa mchezaji wa kiwango hiki zaidi ya sura kumi kwa kila rangi ni kujitafutia kazi. Lifanye la faragha, geuza ubao uangalie upande wako, na upe kila tawi la mpinzani sura yake. Ingiza hatua, kisha chini ya kila hatua ambayo huwezi kuieleza kwa mdomo, andika sentensi moja ya sababu. Mfano: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.e5 Bf5 4.h4. Jibu ni 4...h5 au 4...h6. Ukiandika 4...h5 peke yake umekariri tu. Ongeza tawi la kosa: 4...e6 5.g4 Be4 6.f3 Bg6 7.h5, na askofu hana pa kukimbilia. Sasa hata mpinzani akiicheza h4 kwa mpangilio tofauti, unajua cha kuogopa: askofu wa f5 kufungiwa na askari watatu. Matawi ya makosa ya namna hii ni adimu hata kwenye vitabu vizuri. Yaandike kwa wingi kuliko matawi sahihi.

Mishale ya kuchora juu ya ubao inasaidia kuliko inavyoonekana. Mmoja wa kijani kuonyesha kete inakokwenda baada ya ufunguzi hutosha. Injini (programu inayopima ubora wa hatua) nayo ipo, na ndiyo inayoharibu madaftari ya watu. Stockfish, ndiyo injini hiyo, ikisema hatua moja ni 0.3 na nyingine 0.1 (1.0 ni thamani ya askari mmoja), usibadilishe mpango unaouelewa kwa ajili ya usiouelewa. Tofauti ya chini ya nusu ya askari, kwa ngazi hii, ni kelele. Iwashe mwishoni tu, ikukamatie makosa ya wazi ya kupoteza kete.

Kasoro za Study ni mbili, na si ndogo. Ya kwanza, haikukumbushi. Sura ukiiweka katika hali ya somo shirikishi, itakuuliza hatua, lakini itaanzia mwanzo kila mara na haiweki rekodi ya ulipokosea. Dawa yake ni Listudy, nayo ni ya bure: inapokea faili la PGN (muundo wa kawaida wa kuhifadhi michezo) na kukurudishia hatua kwa ratiba, ulizokosea zikirudi mapema na ulizozimudu zikichelewa. Ya pili, haiunganishi mikao inayofanana. Ukifika kwa 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.c4, au kwa 1.c4 c6 2.e4 d5 3.exd5 cxd5 4.d4, mkao ni uleule, kete kwa kete. Daftari linauhesabu mara mbili. Ukirekebisha jibu lako upande mmoja, upande wa pili unabaki na la zamani, na siku ya mashindano kumbukumbu mbili zinagombana. Andika muendelezo mahali pamoja tu, na pale pengine weka maandishi: "nenda sura ya nne".

Chessable ni duka, na mbinu yake, MoveTrainer, imejengwa juu ya marudio hayohayo ya ratiba. Imekamilika kuliko Listudy: maelezo yako kando ya ubao, simu na kompyuta zinaoana, na unaweza kujaribu kozi fupi za bure ziitwazo Short & Sweet kabla ya kutoa dola yoyote. Hizo za bure, kusema kweli, ndizo bidhaa bora ya duka zima kwa mchezaji wa 1400, kwa sababu mwandishi amelazimika kuchagua. Kozi kubwa hazijachagua; zimeandikwa na mabingwa wanaolinda kila ufa dhidi ya mabingwa wenzao. Pia kuna tatizo la foleni. Ukijifunza mistari 30 siku ya kwanza kwa hamu, kesho yake inarudi yote, na wewe umeongeza mingine 30. Wiki moja baadaye unakuta mamia ya hatua zinakusubiri, na unaanza kubonyeza kwa mkono uliozoea huku akili iko kwingine. Mistari mitatu hadi mitano mipya kwa siku, na sufuri siku ambayo foleni haijaisha, ndiyo kasi inayodumu.

Jambo jingine: mashine hukataa hatua nzuri isipokuwa ile ya mwandishi, labda awe ameiruhusu nyingine mwenyewe. Ukikataliwa hatua, usiharakishe kujiona umekosea. Ifungue kwenye ubao wa uchambuzi kwanza. Ukinunua, nunua kozi yenye sura ya utangulizi wa haraka, soma hiyo peke yake mwezi mzima, na subiri punguzo, maana huja mara kwa mara. Toleo la video ni ghali zaidi na mashine ya marudio ni ileile.

Video za bure za mitego zina kosa moja linalojirudia: huonyesha mpinzani akicheza vibaya tu. Englund, ufunguzi wa Mweusi wa 1.d4 e5, ndiyo mfano wake: 1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2 6.Bc3 Bb4 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1, meti. Inapendeza. Lakini Mweupe akicheza 6.Nc3 badala ya 6.Bc3, Mweusi anabaki na malkia anayefukuzwa na mchezo ulioharibika. Video isiyoonyesha 6.Nc3, ifunge.

Kwenye vitabu, epuka ensaiklopidia. Ile ya Belgrade, ambayo ndiyo iliyotupa misimbo ya funguzi ya A00 hadi E99, haina maneno kabisa. Ni alama tupu, kwa makusudi, ili isomwe na mtu wa lugha yoyote. Ni rejea kwa anayejua tayari. Modern Chess Openings, toleo la 15 la mwaka 2008, ina maneno kidogo lakini imejengwa kwa safu za hatua na maelezo ya chini, na mchezaji anayekua huishia kunakili safu. Cha kununua, kama unanunua kimoja, ni Fundamental Chess Openings cha Paul van der Sterren, cha 2009. Kimeandikwa kwa nathari: kila ufunguzi unaelezwa kila upande unataka nini na mvutano uko wapi. Baadhi ya mistari yake imepitwa na wakati, na kwa ngazi hii hilo halidhuru. Maelezo ya kwa nini Mweusi wa Caro-Kann anamtoa askofu wake kabla ya e6 hayajazeeka. Soma kurasa za ufunguzi unaoucheza, huku daftari lako la Study likiwa wazi pembeni, na uhamishie humo sentensi za sababu badala ya mistari. Kilichotumika kinafaa sawa na kipya.