Baiskeli za kukodi kwa familia, milima ya Irangi (Kondoa): uzoefu wangu

Ukikulia Dodoma unajua adui wa baiskeli si mlima, ni mwiba. Mbigili zimetapakaa njiani, na miiba ya migunga ni mirefu kiasi cha kupita tairi na tyubu kwa mara moja. Kwa hiyo tulipokwenda kukodi baiskeli za milimani huko Kolo, kijiji cha Kondoa, mimi, baba watoto na wanetu wawili, mmoja ana miaka kumi na mmoja na mdogo wake minane, kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa tairi, kabla hata ya bei.

Hapo walinifurahisha sana. Tairi zao ni pana, zina meno makubwa, hazina tyubu, na ndani wametia dawa ya majimaji inayoziba tundu yenyewe. Njiani kijana aliyetuongoza alichomoa mwiba mbele yetu, akazungusha gurudumu, upepo ukafuka kidogo kisha ukakoma. Tukaendelea. Kwa baiskeli yangu ya mtumba pale nyumbani, hiyo ingekuwa safari ya kutafuta fundi.

Cha pili ni breki. Baiskeli nyingi za watoto zinazouzwa mjini zina breki ngumu ambazo vidole vyao havina nguvu ya kuzikaza. Kijana yule alisogeza mikono ya breki karibu na usukani, akashusha siti ya mdogo mpaka miguu ikakanyaga chini, kisha akawafanyisha mazoezi ya kusimama kwenye mteremko mfupi. “Mama, wasifunge ya mbele peke yake, watarushwa,” aliniambia. Hakuondoka pale mpaka watoto wote wawili walipoweza. Mwongozaji wa namna hiyo ndiye ninayemlipia.

Njia yenyewe inapita kwenye miombo, kivuli kizuri, na udongo mwekundu uliokatwa na makorongo. Watoto walishangaa kusikia kuwa milima hii ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili nyasi na miti irudi. Miti tuliyopita chini yake ni matunda ya uamuzi ule, ambao wafugaji waliulipia kwa gharama kubwa. Nilitaka wanangu wajue hilo huku wakivuta harufu ya msitu.

Kwenye korongo la mchanga hakuna ujanja, mnashuka na kusukuma. Mdogo alichoka hapo, akasaidiwa.

Tulifika Mongomi, moja ya sehemu zenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Baiskeli zinabaki chini, unapanda kwa miguu. Ingieni kwa heshima; Warangi bado hufanya matambiko ya mvua huko. Kiingilio hulipwa pale Kolo na hakimo kwenye bei ya baiskeli, jambo ambalo waliotukodishia hawakutuambia tulipopiga simu.

Na kuna lililonikera kwelikweli. Walituahidi kofia ngumu za watoto, tukafika tukakuta ya mkubwa inamtosha na ya mdogo inacheza kichwani. Mmoja wao akapendekeza tuweke kitambaa ndani. Nilikataa. Kofia inayocheza haimlindi mtoto akianguka, na mwongozaji wetu aliniunga mkono, akaenda kuazima nyingine. Tukapoteza asubuhi yote ya baridi, ambao ndio muda mzuri wa kuendesha, tukarudi jua likiwa kali. Anayekodisha baiskeli za watoto lazima awe na kofia za saizi zao zote, hakuna mjadala.

Baiskeli na mwongozaji nawapa alama ya juu, maandalizi ya ofisini bado. Kwa mtoto ambaye hajamudu breki mwenyewe, subirini kwanza. Mkienda, chagueni miezi ya Juni hadi Septemba. Masika yakikolea ule udongo mwekundu unateleza na makorongo huweza kujaa ghafla. Bebeni maji yenu, mengi kuliko mnavyodhani, na pimeni kofia kabla hamjalipa hata senti.