TAHADHARI: Marobota ya mpira yana maji ndani, na cheti si chake

Waungwana mnaonunua mpira mkavu wa mti, ule wa kutengenezea matairi, hapa Unguja, yule bwana anayeuza marobota ya kitapeli karudi tena mjini, na safari hii anatembea na cheti. Msimpe hata shilingi.

Anavyofanya ni hivi. Analifungua robota mbele ya mnunuzi, anavuta karatasi ya juu, yaani ule utando mwembamba wa mpira uliokaushwa, anainyanyua juani. Rangi ya asali, haina povu wala doa, mistari ya mashine imekaa sawa, inanuka moshi wa kukaushia. Anaivuta kwa mikono miwili, anaiachia, inarudi pale pale. Nani asingeamini? Karatasi za mpira hupangwa daraja kwa jicho dunia nzima, kwa hiyo kuangalia juani si ushamba, ndiyo kazi yenyewe. Halafu anatoa cheti: uchafu asilimia 0.12, PRI 60 (kipimo cha mpira kuhimili joto na kuzeeka), muhuri unang'aa. Mizani, pesa, keshapanda boti.

Likipasuliwa kwa msumeno ndipo balaa linapoonekana. Karatasi za ndani zina mabaka meupe, yaani moshi haukufika. Katikati kashindilia mabonge ya vikombeni, yaani utomvu uliojigandia kwenye vikombe vya kugemea, magome na mchanga humo humo. Kipande cha gramu 10, kikikatwa vyembamba na kukaushwa kwenye oveni nyuzi 100 mpaka uzito usishuke tena, kinabaki gramu 9.1. Kila kilo 100, kilo 9 ni maji kwa bei ya mpira! Unyevu ule ukifika kwenye tairi hugeuka mvuke tairi likipikwa, huacha vishimo, tabaka zikaachana. Na penye punje ya mchanga ndipo ufa unapoanzia. Kiwanda hakibembelezi, mzigo unarudishwa, aibu yako na nauli yako.

Mwizi mkubwa, hana haya! Apelekwe polisi Madema alale huko, na mizani yake ivunjwe. Anawachafulia jina wagema wa Kichwele na Selem wanaoamka alfajiri.

Dalili zipo. Hataki robota likatwe. Cheti kinasema daraja la 20, na hilo ni la mpira uliosagwa ukagandamizwa matofali, si la karatasi. Kakitoa kwenye mzigo wa watu. Tupeni kipande majini pia: mpira mtupu huelea, kikizama kina udongo au chokaa. Kupimia zile gramu za kipande, mizani ya sonara inatosha.

Aliyekwisha kulipa kianzio asimrudishie kile cheti, polisi watakitaka.