Nimerudi Diani, safari hii kwa pesa zangu

Mara ya kwanza kulala kwenye hoteli hii, mwajiri ndiye aliyelipa. Ilikuwa semina, na ukilipiwa hata chai baridi huwa tamu. Sasa nimerudi na mume wangu baada ya miaka mingi, bili ni yetu, kwa hiyo nimekagua hadi mishono ya mashuka. Jina la hoteli nitaliacha kwa kuwa ninayo ya kulalamikia.

Kufika kumekuwa rahisi mno. Zamani lazima upambane na feri ya Likoni, jasho likikutoka katikati ya mikokoteni. Safari hii tulishuka treni Miritini, teksi ikashika barabara ya Dongo Kundu, tukatokea upande wa Kwale bila hata kuiona feri.

Wamejenga jengo jipya, lote vioo na marumaru. Vyumba vyake ni vya kupiga picha. Dirisha halifunguki, kiyoyozi kinanguruma usiku kucha, na upepo wa kaskazi uliokuleta pwani umebaki nje. Tukaomba kuhamia jengo la zamani, lile la makuti na kuta nene. Walituhamisha bila kununa, na bei ikashuka! Pangaboi, neti safi, dirisha wazi. Hapo ndipo nililala.

Sasa kifungua kinywa. Meza ndefu kama ya harusi, soseji, nafaka za boksi, mikate ya Kifaransa iliyopoa. Mahamri hakuna, mbaazi za nazi hakuna. Eti hupikwa Ijumaa jioni tu, usiku wa vyakula vya Kiswahili. Hapa Kwale! Nikamuuliza mhudumu mmoja wa makamo, akacheka: "Mama, subiri kesho." Kesho yake akaniletea bakuli limefunikwa sahani, mbaazi zinatoa moshi, tui zito, na mahamri yenye harufu ya iliki. Zilitoka jiko la wafanyakazi. Yaani wanaopika wanakula vizuri kuliko wanaolipa! Nilimwambia meneja hivyo hivyo, akaandika kwenye daftari. Tutaona.

Bahari haina lawama, ila ulizia maji kabla ya kuchagua tarehe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua: yakipwa, yanaondoka mbali kuelekea mwambani, na wewe na nguo zako za kuogelea mnabaki kutazama mchanga na mwani. Mapokezi hawatakwambia. Tulimsikia mgeni mmoja akidai arudishiwe pesa, kana kwamba hoteli ndiyo iliyoyavuta.

Tumbili wanaiba, msiache ndizi kwenye veranda. Mbega wao ni waungwana, wanakula majani yao juu ya miti na kuvuka barabara kwa madaraja ya kamba waliyofungiwa huko juu.

Kuhusu bei: tovuti ilituonyesha dola tu. Piga simu, uliza bei ya wakaazi, na ubebe kitambulisho. Tofauti ni kubwa kiasi cha kulipia tiketi za treni za watu wawili, kwenda na kurudi. Desemba usijaribu. Na unapoweka nafasi, taja jengo la zamani kabla hawajakupangia lile la vioo.