Ligi ya mtaa au klabu ya ushindani: tulivyopitia kote kuwili hapa Houston

Mwanangu Baraka alianza mpira akiwa na miaka 6, kwenye ligi ya burudani ya mtaani kwetu hapa Houston. Nililipa dola 130 kwa msimu, wakampa jezi na soksi; njumu na vikinga ugoko nikanunua mwenyewe. Kocha alikuwa mzazi mwenzetu, fundi wa viyoyozi, anajitolea tu. Siku ya kwanza nilisononeka. Mimi nimekulia Temeke, Dar es Salaam, nimecheza chandimu mpaka giza linaingia, halafu pale naona watoto wanne kwa wanne, hakuna kipa, hakuna kuotea, magoli madogo, mpira mdogo wa namba 3.

Nilichelewa kuelewa. Timu yao ilikuwa na watoto sita, kwa hiyo wanaokaa nje ni wawili, na baada ya dakika chache wanaingia. Baraka alikuwa anaugusa mpira kuliko nilivyougusa mimi mchangani, tulikokuwa ishirini tukikimbizana na mpira mmoja wa makaratasi.

Alipofika miaka 8 nikaingiwa na tamaa. Nikampeleka kwenye majaribio ya klabu moja ya ushindani, akapita. Ada ya mwaka dola 2,100. Jezi za nyumbani, za ugenini na za mazoezi, dola 280. Mkataba wa mwaka mzima, ukiondoka hurudishiwi hata senti. Mazoezi siku tatu kwa wiki, mechi Jumamosi na Jumapili nyingi pia, kwa hiyo kanisani tulikwenda bila yeye na mama yake.

Kwenye ufundi nawasifu kwa moyo mmoja. Kocha alisomea kazi yake. Mguu wa kushoto wa Baraka ulikuwa wa kusimamia tu. Ndani ya miezi minne ukaanza kutoa pasi. Akajua kuutuliza mpira huku ameshainua macho. Hata mimi nilifundishika: nyumbani nilikuwa namzoesha kupiga vichwa, na mechi ya pili alipopiga kimoja refa akapuliza filimbi. Kumbe tangu 2015 Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza kuwazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige vichwa, kulinda ubongo wao. Nikaacha siku hiyohiyo.

Kilichotushinda ni benchi. Umri huo wanacheza saba kwa saba, na timu ilisajili kumi na wawili. Watano wako nje, na kocha ana saba wake. Safari ya San Antonio sitaisahau: tuliondoka saa 10 alfajiri, mwendo wa saa tatu barabarani, mechi ya dakika 50, na mwanangu akacheza dakika 9. Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Wakati wa kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Katy, karibu na Houston, ndipo akauliza, "Baba, kwani mimi sijui mpira?"

Kesho yake nilimfuata kocha. Akaniambia ile mechi ilikuwa lazima washinde. Watoto wa miaka 8!

Mkataba ulipokwisha nikamrudisha mtaani. AYSO, shirika la soka la watoto lililoanza California mwaka 1964, lina kanuni kwamba kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi. Ligi yetu si ya AYSO lakini inashika kanuni hiyohiyo, na kwa mtoto wa chini ya miaka 9 naipa nyota tano bila kusita. Mzazi mwenye hamu ya ufundi zaidi na atafute mwalimu wa saa moja kwa wiki. Ni nafuu mno.

Sasa Baraka ana miaka 9, na mguu wa kushoto haujapotea, anamfundishia mdogo wake uani. Juzi ameniambia akifika 11 angependa kujaribu klabu tena. Safari hii ameomba mwenyewe, kwa hiyo nitampeleka. Ila kabla sijatoa kadi ya benki nitamuuliza kocha mtoto wa kumi na mbili anacheza dakika ngapi, na jibu nataka aniandikie.