Miwani ya baiskeli baada ya miaka 45: kwanza tazama ukingo wa juu

Malalamiko ya wasomaji waliovuka miaka 45 yanafanana mno. Mtu amenunua miwani ya bei kali, dukani kaona kila kitu vizuri, kisha akapanda baiskeli, akainama, na barabara ikapotea. Anaona fremu. Ili aone gari linalokuja inabidi ainue kidevu, na baada ya saa moja shingo inawaka moto. Muuzaji anamwambia atazoea. Hutazoea.

Kinga ya mionzi ya jua, uzito na rangi za lenzi siyajadili. Matangazo yamejaa hayo. Presbiopia nayo wengi mnaijua: lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, kuanzia miaka 40 na kidogo, ikashindwa kujirekebisha kutazama vitu vya karibu. Mimi nina neno moja tu, nalo ni ukingo wa juu wa miwani.

Jicho huzungukia kitovu kilicho karibu milimita 27 nyuma ya lenzi ya miwani. Kwa hiyo kichwa kikiinama nyuzi 10 huku ukiendelea kutazama mbele, mstari wa kuona hupanda karibu milimita 5 kwenye lenzi. Ukishika usukani wa mashindano kule chini kabisa, kichwa kikainama nyuzi 30, unazungumzia milimita 15 na ushei. Fremu yenye kimo cha milimita 30, mboni ikiwa katikati, ina milimita 15 tu juu ya mboni. Yaani umeshafika kwenye plastiki. Fundi wa miwani alikupima ukiwa wima unamtazama usoni, na kwa mkao ule alipima sawasawa. Ila huo si mkao unaoendeshea.

Jaribio lenyewe ni dogo. Vaa fremu, kaa kwenye kiti, egemeza viwiko juu ya magoti, tazama mlangoni. Mwombe mtu aweke nukta ya kalamu kwenye lenzi pale mboni inapoonekana. Nukta ikigusa ukingo, rudisha fremu kwenye kabati. Fanya hivyo kabla hujalipa, hata wakikucheka.

Kwangu nafasi ya kwanza ni miwani ya michezo yenye kipimo cha mbali na kidirisha kidogo cha karibu chini ya lenzi. Na sifichi, napendelea Rudy Project, kampuni ya Italia iliyoanza 1985. Sababu ni vipedi vya pua vinavyopindika kwa vidole. Ukivibana kidogo miwani inapanda, ukivitanua inashuka, na milimita mbili tatu hizo ndizo tunazogombania hapa. Mtaniambia kuna lenzi nzuri zaidi kwingine. Huenda, lakini lenzi nzuri iliyokaa mahali pabaya haina kazi.

Kuhusu kidirisha, usikubali namba yako ya kusomea kitabu. Hiyo kwa kawaida hupimwa kwa sentimita 40 hivi, wakati kioo cha kompyuta ya baiskeli, kile kifaa cha kwenye usukani kinachoonyesha mwendo, kiko mbali zaidi. Panda baiskeli yako, shika usukani, mtu apime kwa futi kamba kutoka jichoni hadi kwenye kioo. Gawa 100 kwa sentimita ulizopata: ikiwa ni 60, jibu ni dayopta 1.67, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Aliyezoea nyongeza (nguvu inayoongezwa kwa ajili ya kusomea) ya 2.50 ataona kioo hicho kimefifia, kisha atailaumu kompyuta. Na kama namba yako ya mbali ni kubwa, fahamu kwamba lenzi iliyojikunja kufuata uso hupotosha picha pembeni. Dai lenzi zilizokokotolewa kwa mkunjo wa fremu hiyo hiyo.

Ya pili ni kontakti, zile lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe. Kwa kigezo changu zingepaswa kushinda, maana lenzi inakwenda na jicho popote linapogeuka, na juu yake unavaa miwani yoyote yenye kioo kirefu. Oakley Radar EV inafaa hapa. Lenzi yake imeongezwa kimo upande wa juu. Tatizo ni kwamba macho ya umri wetu hukauka upesi, na upepo wa mteremkoni hauna huruma. Jihadhari pia na ule mtindo wa kuweka jicho moja la mbali na jingine la karibu. Mezani unafanya kazi, lakini unapunguza uwezo wa kukisia umbali, na shimo la barabarani linataka macho yote mawili.

Progresivu ya kila siku, ile lenzi ambayo kipimo chake hubadilika polepole kutoka cha mbali juu hadi cha karibu chini, naiweka ya tatu, na ni kwa wale wanaoendesha wakiwa wima tu. Ukingo wa juu hauwasumbui. Lakini ukitazama mita chache mbele ya gurudumu, jicho linapita sehemu ya chini ambako kipimo kimeshaanza kubadilika, na ukigeuka kuangalia nyuma unapitia pembeni kwenye ukungu. Waliozoea wataninunia.

Ya nne, tena kwa shingo upande, ni kile kipande cha lenzi kinachochomekwa nyuma ya miwani ya jua. Kinashika mvuke, kinagusa kope, na kina ukingo wake mdogo ndani ya ukingo mwingine. Umenunua tatizo mara mbili.

Vile vilenzi laini vya kubandika kwa maji ni rahisi na vinafaa kwa kujaribu kidirisha kikae wapi. Basi.

Sasa wauzaji. Ndani ya mkono wa miwani huandikwa namba tatu: upana wa lenzi, upana wa daraja la pua, na urefu wa mkono. Kimo cha lenzi, ambacho ndicho kinachoamua kama utaiona barabara, hakimo! Mtandaoni wanakuwekea picha ya mbele, mwanamitindo amesimama wima anatabasamu, hajawahi kuinama maishani mwake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha inakuja bili: fremu bei yake, lenzi bei yake, utando wa kuzuia mikwaruzo bei yake, na lenzi za polaraizi, zile za kupunguza mng'ao, wanakusukumia bila kukuambia kwamba baadhi ya vioo vya kompyuta huonekana vyeusi ukivitazama kwa pembe fulani.

Nenda na rula. Na uliza kama vipedi vya pua vya akiba vinauzwa peke yake, kwa sababu kuna duka lilimwambia msomaji wangu mmoja kwamba kipedi kimoja kikipotea anunue miwani nyingine.