Kitanda na pikipiki ndani ya HiAce moja: mipango sita, kuanzia unaofaa zaidi

Ukifika Engaresero jua linazama, mna pikipiki mbili ndani ya gari na vumbi la Natron limejaa mpaka kwenye kope, linabaki swali moja: usiku huu nani analala nje, wewe au pikipiki? Ukubwa wa gari, urefu wa paa, aina ya kitanda, hata godoro, vyote vinategemea utakavyojibu hapo. Wengi wetu tunanunua gari kwanza, kisha tunamwita fundi atutafutie pa kuweka kitanda. Mimi nilifanya hivyo, na gari lile niliishia kuliuza kabla mwaka haujaisha.

Naandika kwa ajili ya mtu wa huku kwetu anayetafuta gari lililotumika kutoka Japani, mwenye pikipiki moja au mbili za porini, anayetaka kulala humo humo badala ya kutafuta gesti usiku. Anza na futi kamba, achana na tangazo.

Pikipiki ya enduro, yaani ya mbio za porini, ya cc 250, mfano KTM 250 EXC, ina urefu wa karibu mita 2.2. Usukani wake una upana wa sentimita 80 hivi, kiti kiko juu sentimita 96 hivi, na uzito wake ni kama kilo 105 bila mafuta. Honda XR150L ni fupi kwa kimo lakini nzito zaidi, inakaribia kilo 130. Boxer nayo haifiki kimo hicho, ila vioo vyake vya pembeni vinaipanua kuliko unavyodhani. Pima ya kwako: kutoka tairi hadi tairi, upana wa usukani, kimo cha usukani, kimo cha kiti, na kipimo kimoja ambacho karibu kila mtu anakisahau, yaani kutoka kwenye usukani hadi mwisho wa nyuma. Kwenye enduro nyingi ni kama mita moja na nusu. Utaona baadaye kwa nini nakisisitiza.

Sasa gari. HiAce ya umbo la sasa tunaloliona sana barabarani ilitoka Japani mwaka 2004, na inakuja kwa miili tofauti kabisa ambayo wauzaji huiita yote HiAce tu. Ile nyembamba ndefu ina urefu wa nje wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Ndani, toleo la mizigo la DX lenye viti vya mbele pekee lina mita 3 za sakafu, na kimo cha takriban mita 1.33 hadi kwenye dari. Ile kubwa, Super Long yenye paa la juu, ina mita 5.38 kwa nje na upana wa mita 1.88, na ndani unapata mita 3.54 kwa upana wa mita 1.73 na kimo cha mita 1.63 hivi. Nissan Caravan ya NV350, iliyoanza 2012, inalingana na HiAce nyembamba kwa nje, lakini ndani ina mita 3.05. Sentimita tano zile si kitu kidogo unapotaka mlango wa nyuma ufunge bila kugusa tairi.

Mara nyingine wakala anakutumia vipimo vya nje tu. Mmoja alinitumia hivyo, nami kwa haraka zangu nikalipa arubuni. Omba picha ya ndani yenye futi kamba imelazwa sakafuni. Na ujue kwamba Super GL, ile yenye viti vizuri na kuta zilizofunikwa, inakula nafasi yako: viti vya nyuma vinachukua urefu, mapambo ya kuta yanachukua upana. DX ndiyo ya kazi hii.

Nafasi ya kwanza naipa HiAce nyembamba au Caravan yenye kitanda cha kukunja ukutani. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea fremu ya paipu za mraba za inchi moja, juu yake plaiwudi ya milimita 12, bawaba tatu upande wa ukuta wa dereva, na minyororo miwili au miguu ya kukunja upande wa pili. Pikipiki inakaa upande wa kushoto, imesukumwa karibu na mlango wa nyuma. Ukipiga hesabu utaona inavyoingia: upana wa ndani ni kama sentimita 152, usukani unachukua 80, zinabaki sabini na kitu za kulala. Godoro la futi mbili na nusu kwa sita linazidi kidogo, kwa hiyo mwambie muuza magodoro alikate ubavuni kabla hajalishona. Urefu nao unatosha: mita 2.2 za pikipiki zinakuachia sentimita 80 mbele, palepale unapofunguka mlango wa ubavuni, kwa hiyo unatoka usiku bila kuruka chochote. Kichwa kiwe upande wa mlango wa nyuma. Ukilala hivyo usukani unakuwa usawa wa miguu yako, hauwi usoni.

Pikipiki mbili je? Zinaingia, zikilazwa mzungu wa nne, moja inaangalia mbele na nyingine nyuma, ili sukani zisikutane. Kitanda kinakuwa kimekunjwa ukutani mpaka mfike. Lakini usiku moja lazima ishuke. Sisi tunaifunga kwa mnyororo mnene kupitia tairi la mbele hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari, chini ya dirisha ninapolaza kichwa. Kwa safari zetu nyingi, Longido, Lushoto, Engaruka, hilo limetosha. Gari lenyewe lina urefu wa gari la kawaida, linaegeshwa popote, spea ziko hata Mto wa Mbu, na siku ukilichoka mnunuzi hakosekani.

Mpango wa pili ni wa wale ambao pikipiki zao haziwezi kulala nje: wanaoenda kushindana Jamhuri pale Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, wamebeba mashine ya thamani kuliko gari lenyewe. Hapo nunua Super Long ya paa la juu na uweke kitanda cha kudumu juu ya pikipiki. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanapima kimo cha usukani, karibu mita 1.27, wanaweka kitanda juu yake, na wanabaki na nafasi ya kulala kama maiti kwenye jeneza. Usilaze kitanda juu ya usukani. Kilaze juu ya kiti. Pikipiki ikifungwa, shokapu zimeshuka, kiti kinakuwa kama sentimita 90. Weka kitanda kwenye mita moja, usukani usimame mbele ya ukingo wa kitanda. Kile kipimo cha mita moja na nusu ndicho kinachokusaidia hapa: sukuma pikipiki mbele mpaka usukani ufike mita mbili kutoka mlango wa nyuma, nawe unapata kitanda cha sentimita 190 nyuma yake, huku zikibaki sentimita themanini na kitu mbele kwa begi na jiko. Juu yako, ukitoa godoro la inchi nne, zitabaki sentimita hamsini na kidogo. Unageuka vizuri, ila kukaa kitako huwezi. Nililala hivyo usiku mitatu mfululizo, na asubuhi nilivaa suruali nje, kwenye umande. Kuta za Super Long ziko mbali vya kutosha kwa watu wawili kulala sambamba, na hilo ndilo linaloniuma kidogo kwamba sikulinunua mwanzo. Ila ni refu mjini, ni ghali, na ya petroli inakuja na injini ya 2.7 ambayo haina huruma na tenki.

Wa tatu ni kitanda cha kupandisha: fremu inaning'inia kwa mikanda minne, mchana unaizungusha hadi darini, usiku inashuka. Kwa magari yetu ya Kijapani siupendekezi kwa sababu dari ni fupi, kitanda kikishapanda kinagonga usukani. Lakini kwa ndugu walioko Ujerumani, Uingereza au Italia huu ndio ungekuwa wa kwanza. Fiat Ducato ya paa la kati ina kimo cha mita 1.93 ndani na upana wa mita 1.87, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida analala kukingama, na urefu wote wa sakafu unabaki wa pikipiki. Kati ya zile nundu za matairi ya nyuma kuna mita 1.42, pikipiki mbili zinapita pamoja. Ukiishi huko, usihangaike na HiAce.

Wa nne ni hema la juu ya paa. Pikipiki zinalala ndani zimefungiwa, wewe unapanda ngazi. Ni safi na hakuna harufu ya petroli puani. Hata hivyo hema zima lina kilo hamsini na kuendelea, limekaa pale pabaya kuliko pote, juu kabisa, na barabara yetu ya kona na upepo wa pembeni unalisikia. Paa la chini tu, tafadhali.

Wa tano, godoro sakafuni baada ya kushusha pikipiki zote. Hauna gharama. Kama bado hujui utasafiri mara ngapi kwa mwaka, fanya huu msimu mmoja kabla hujamlipa fundi.

Wa sita ni kuweka pikipiki kwenye kibebeo cha chuma nyuma ya gari. Sikushauri. Uzito wote unakaa nyuma ya ekseli, mbele panakuwa pepesi, na mlango wa nyuma haufunguki mpaka ushushe pikipiki. TownAce, kwa wale watakaouliza, ina sakafu ya mita mbili na kidogo tu. Pikipiki au wewe, si wote wawili.

Niende kwenye jambo ambalo sitaki ulipite haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutulia sakafuni, na ukilala kwenye kitanda cha chini uko ndani yake. Pikipiki ya kabureta, funga koki ya mafuta kabla ya kuipakia na iache injini imalize yaliyobaki. Ya sindano za umeme, yaani ya injection isiyo na kabureta, haina koki, kwa hiyo hakikisha kifuniko cha tenki kinafunga na mrija wa kupumulia haujalegea. Dumu la akiba lisilale ndani. Fundi akutobolee tundu mbili za hewa chini kabisa, karibu na sakafu, na moja juu. Mapishi yafanyike nje, kwa sababu gesi ya mtungi nayo inashuka chini vivyo hivyo, na jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa linaua watu wamelala. Kama kuna mtoto katika safari, mimi pikipiki zote naziweka nje, hata kama tupo mahali nisipopaamini.

Kufunga. Pete zilizoskrubiwa kwenye plaiwudi pekee zitang'oka. Yangu iling'oka kwenye breki kali karibu na Longido, pikipiki ikaegemea mgongo wa kiti cha mdogo wangu, na tangu siku hiyo sijamruhusu fundi yeyote kuniambia skrubu nne zinatosha. Pete ipite kwa boliti hadi chini ya gari, na huko chini kuwe na bamba la chuma. Mikanda minne kwa kila pikipiki, ya mbele ikivuta shokapu hadi karibu nusu. Kati ya mizigo na viti weka kizuizi cha paipu. Na mtu asipande nyuma pikipiki zikiwa humo, hata kwa kilomita mbili.

Ubao wa kupandishia uwe na urefu wa mita mbili angalau. Mfupi zaidi ya hapo, pikipiki inagota tumbo mlangoni.

Kuna bahati moja ambayo wanunuzi wetu hawaijui. Japani waendesha motokrosi wana desturi yao ya magari ya namna hii, wanayaita toranpo, na HiAce ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Kwa hiyo kwenye minada ya huko hutokea gari ambalo tayari lina sakafu ya mbao iliyofunikwa vinili, pete za kufungia, na mbao za kitanda zinazotoka kipande kwa kipande. Angalia picha za ndani kwa makini. Ukiona mikwaruzo ya matairi sakafuni, usilikimbie gari hilo. Kwa injini, petroli ya 2.7 nyepesi kutengeneza naiweka mbele ya dizeli ya 3.0 iliyochoka, kwa sababu nozeli za dizeli ile zikianza kusumbua zinameza pesa zote ulizookoa kwenye mafuta. Ukiagiza kuingiza Kenya kumbuka kikomo cha miaka minane. Tanzania gari kuukuu linaingia, lakini umri unaongeza kodi, basi piga hesabu yote kabla ya kufurahia bei ya mnadani.

Na kama unanunua yadini badala ya kuagiza, nenda na pikipiki yenyewe. Omba kuipakia kabla ya kulipa. Arusha muuzaji alitusaidia kusukuma kwa mikono yake, na hapo ndipo tulipoona kioo cha pembeni cha Boxer kinakwaruza fremu ya mlango wa nyuma. Tukafungua vioo vyote viwili kwa spana, tukasukuma tena, ikapita.